Wakazi wa Rafu ya Juu

Kila asubuhi Siwatu alifungua kibanda chake kwa mtindo uleule. Alilibembeleza dirisha la mbao kwa kiganja mpaka likubali kufunguka, akafuta vumbi rafuni kwa kipande cha kanga kuukuu, akawasha soketi, kisha akazipanga upya simu zilizolala pale. Za wazee zilikaa rafu ya juu, kwa heshima. Za vijana zilikaa rafu ya kati. Zile zilizofungwa kwa mpira ili betri isidondoke zilikaa chini, karibu na mkono wake, kwa kuwa zilihitaji mtu wa kuziangalia. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda, akamimina chai ya tangawizi, akasubiri wenye simu wapande kilima.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia hata chai hakuionja. Simu zote zililia kwa pamoja.

Kibanda kilitetemeka kama mashine ya kusaga. Simu ya Mwenyekiti wa kitongoji, ambayo ilikuwa nzito na ya zamani, ilitembea yenyewe kwa mtetemo mpaka ukingoni mwa rafu, ikajitupa kwenye chai. Siwatu alikuwa mtu wa aibu kiasi kwamba akipiga chafya huwaomba radhi hata kuku, kwa hiyo wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amefanya kosa. Akaiokoa simu, akaifuta, akasoma.

"MPENDWA MTEJA, tumeona hujasogea tangu jana jioni. Je, miguu inakusumbua? Mafuta ya kuchua ya Nyanyuka yanakungoja hapohapo ulipo."

Akachukua nyingine.

"MPENDWA MTEJA, tumeona umelala chumba kimoja na watu zaidi ya mia. Hongera kwa familia kubwa! Je, umeshafikiria vitanda vya ghorofa?"

Akachukua ya tatu.

"MPENDWA MTEJA, tumeona umekaa karibu mno na jirani yako usiku kucha. Manukato ya Sogea yatawasaidia nyote wawili."

Hiyo ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja mcha Mungu, na jirani yake rafuni alikuwa fundi baiskeli. Siwatu aliona haya kwa niaba yao. Akazitenganisha, akaweka kikombe katikati.

*

Nchi yenyewe sitaitaja jina, maana wenyewe ni watu wa heshima na hawapendi kutajwa wakiwa kazini. Itoshe kusema kwamba ilikuwa na Wizara ya Masoko, Mahali na Maendeleo ya Mteja, na kwamba Waziri wake alikuwa amerudi kutoka safari ya mafunzo ng'ambo.

Huko ng'ambo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akipita mbele ya duka la viatu, simu yake ikalia na kumwambia kwamba ndani mna viatu vya namba yake. Waziri alisimama njiani akalia machozi. "Nilikuwa napita tu," aliwaambia waandishi wa habari uwanja wa ndege, "na duka likanijua. Je, wananchi wetu nani anawajua? Mtu anazaliwa, anaishi, anazeeka, wala hakuna duka hata moja lililowahi kumtambua! Hali hii haikubaliki."

Ndipo ilipoanzishwa Huduma ya Mteja Alipo. Kila simu nchini ikawa nukta nyekundu kwenye ramani iliyofunika ukuta mzima wa Wizara, na maofisa wakaajiriwa kuziangalia nukta na kuzitumia matangazo kulingana na mahali zilipo. Kaulimbiu ilikuwa nzuri sana: *Mteja hatafuti huduma, huduma humfuata mteja alipo.* Ilichapwa kwenye kofia, kwenye fulana, kwenye kanga, na kwenye mlango wa ofisi ya malalamiko, ambao ulikuwa umefungwa.

Matunda yalianza kuonekana mapema. Waliopanga foleni hospitali walipata matangazo ya maziwa ya mtindi, kwa kuwa walionekana ni watu wenye nafasi. Waliokuwa mahabusu walipongezwa kwa kukaa muda mrefu hotelini wakaahidiwa punguzo wakirudi tena. Wanandoa waliokwenda mahakamani kuachana walitangaziwa ukumbi wa harusi wa jirani, na wawili kati yao, nasikia, waliuchukua, ila kila mmoja kwa siku yake.

Kisha Mkurugenzi wa Huduma, Daktari Mhandisi Teofili Njugumawe, alikiona kile kilima.

Palikuwa na nukta nyingi mahali pamoja hata zikawa doa moja kama la mvinyo. Mkurugenzi alifuta kioo cha ramani, akadhani ni uchafu. Doa lilibaki. Akamkimbilia Waziri.

"Mheshimiwa, tumegundua jiji."

"Jiji gani?"

"Jipya, Mheshimiwa. Watu wamesongamana kuliko jiji lolote duniani. Wanaishi sehemu yenye ukubwa wa meza. Hawasogei. Hawagombani."

"Hawagombani!" Waziri alishangaa. "Hao ndio wateja. Na hapa chini yake, pameandikwa Mtukuzi, mbona peupe?"

"Ni patupu, Mheshimiwa. Hakuna hata mtu mmoja."

Mtukuzi kulikuwa na nyumba nyingi tu, na watu ndani yake. Lakini umeme ulifuata barabara kuu huko juu na haukuwahi kuteremka bondeni. Kila mwenye simu aliipeleka kwa Siwatu ikachaji, akaiacha huko akalime, akaifuata siku akikumbuka kwamba ana mtu wa kumpigia. Kwa hiyo simu za Mtukuzi ziliishi kilimani na watu wa Mtukuzi waliishi Mtukuzi, na kwa miaka mingi mpango huo haukumkera mtu. Wizarani jambo hili lingeeleweka mara moja, ila siku hiyo walikuwa na kikao.

*

Wafanyabiashara ndio waliotangulia kufika. Lori la magodoro lilipanda kilima likinguruma, likafuatwa na pikapu ya mafuta ya kuchua na bwana mmoja mwembamba mwenye mkoba wa sampuli za manukato. Walizunguka kibanda. Walitazama nyuma yake. Yule wa magodoro, kijana wa mjini aliyechomekea shati vizuri, aliingiza kichwa dirishani.

"Dada, za saa hizi? Nawatafuta wateja. Tumeambiwa wamejaa hapa."

"Wapo," alisema Siwatu kwa sauti yake ndogo, akionyesha rafu.

Kijana alizitazama simu. Taa zake ndogo zilikuwa zikiwaka na kuzima, nyekundu na kijani.

"Wamelala?"

"Wanachaji."

"Aa." Kijana alirudi nyuma kwa kunyata. "Basi usiwaamshe. Nitapita baadaye."

Siwatu alitaka kumweleza. Lakini akaona kwamba mtu ametoka mbali na jasho linamtiririka. Akampa kikombe cha chai.

*

Baada ya wafanyabiashara alikuja Mkurugenzi mwenyewe, na hapa inabidi niseme neno kuhusu tabia ya watu wa Mtukuzi. Ni watu wakarimu mno. Mgeni kwao habishiwi. Akisema jua linachomoza magharibi, anaambiwa ahsante kwa taarifa na anaongezewa mchuzi. Si kwamba wanakubaliana naye. Majibu wanayo, tena makali, lakini huyatoa gari la mgeni likishakunja kona.

Mkurugenzi alishuka Mtukuzi akakuta watu wamemjazia uwanja. Akapanda juu ya kiti.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Nimekuja kuwataarifu kwamba hapa hakuna watu."

Makofi.

"Utafiti wetu wa kisasa umethibitisha kwamba Mtukuzi imehamwa. Nyote mnaishi kilimani, katika jiji ambalo Serikali imeamua kuliita Jiji la Kibandani. Tunawapongeza kwa uamuzi wenu wa kuhama."

Makofi zaidi, na kigelegele kimoja kutoka upande wa jikoni.

"Sasa basi. Huduma humfuata mteja alipo. Hii pampu ya maji," akaielekeza fimbo yake kwenye pampu ya mkono iliyosimama uwanjani, "inamhudumia nani? Hayupo! Itang'olewa, ipelekwe kilimani, waliko wateja. Itasimikwa mbele ya kibanda siku Mheshimiwa Waziri atakapokuja kuzindua jiji."

Hapo makofi yalichelewa kidogo. Pampu ile ilikuwa mbele ya nyumba ya Bi Chausiku, mama yake Siwatu. Ilipojengwa, wanawake wa Mtukuzi waliacha kwenda mtoni, na Bi Chausiku, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa hiyo safari ya mtoni, alianza kuchota maji kwa kutoka tu mlangoni. Mpaka leo akiisikia pampu inalia asubuhi husema "Alhamdulillahi" kabla hata hajafungua macho.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sefu Kiponza, alisimama.

"Mkurugenzi, sisi kama Mtukuzi tumefurahi. Tumefurahi sana. Kufurahi kwetu hakuna mfano. Ila labda, kama itakupendeza, kuna kasuala kadogo ka maji. Kilimani, chini, ni mwamba. Maji hakuna."

"Maji nayo ni huduma, Mwenyekiti," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Yatamfuata mteja."

"Tumeshukuru," alisema Mzee Kiponza, akakaa.

Mkurugenzi alikula kuku, akanawa, akapanda gari. Gari likakunja kona. Hapo ndipo watu wa Mtukuzi walipomjibu.

"Tumehama! Mimi nimehama na hili banda la mbuzi natambaa nalo mgongoni kama kobe?" alifoka Makungu, binamu yake Siwatu, kijana ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunga mbuzi na kucheka watu.

"Maji yapande kilima! Yavae viatu?" alidakia mwingine.

"Mwambieni arudi," alisema Bi Chausiku akiwa amekalia mkeka, "nimwulize, kama hapa hakuna watu, kuku amekula wa nani?"

Walimjibu hivyo mpaka jioni. Vumbi la gari lilikuwa limetua zamani.

"Lakini kwa nini hamkumwambia mwenyewe?" aliuliza Siwatu wakati akimkanda mama yake magoti.

"Mgeni alikuwa anakula, mwanangu. Na wewe uliyemnawisha mikono, ukasimama naye karibu kuliko sote, mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

Siwatu aliendelea kukanda goti. "Nilisema, karibu tena."

*

Makungu ndiye aliyetoa wazo. "Dada, ugonjwa ni simu kukaa kwako. Kila mtu achukue yake akae nayo nyumbani. Nukta zikirudi huku, pampu inabaki."

Lilikuwa wazo zuri. Watu walipanda kilima, kila mtu akachukua simu yake, akashuka nayo, akailaza kando ya mto wa kulalia. Kwa muda mfupi Mtukuzi ilimeremeta kwenye ramani ya Wizara. Kisha, kwa kuwa bondeni hakuna umeme, chaji zikaisha. Nukta zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine.

Wizarani lilikuwa pigo. Mkurugenzi alivua miwani. Taifa lilikuwa limegundua jiji, na sasa jiji lote lilikuwa limekufa. Redio ilipiga nyimbo za maombolezo. Kampuni ya magodoro ilitoa salamu za rambirambi kwa wateja wake watarajiwa, pamoja na punguzo kwa watakaobaki. Kikosi cha uokoaji kilitumwa kikiwa na machela, nacho kikafika Mtukuzi watu wakiwa wanapalilia.

"Shikamooni wazee," alisema kiongozi wa kikosi.

"Marahaba, karibuni."

"Tunawatafuta watu wa hapa. Wamepotea."

Mzee Kiponza alijitazama, akawatazama wenzake. "Labda ni sisi?"

Kiongozi alitazama kifaa chake, akatikisa kichwa kwa huruma. "Nyinyi hamumo."

"Ahsante," alisema Mzee Kiponza.

Wakawapa waokoaji mihogo ya kuchemsha na maji ya pampu, wakawasaidia hata kuwatafuta hao watu mpaka pembeni ya shamba. Mwisho wake simu zilirudishwa kwa Siwatu zichaji, jiji likafufuka, na Waziri akatangaza kwamba wakazi wa Kibandani wamekuwa wa kwanza duniani kushinda kifo kwa kutumia teknolojia.

Basi Makungu akabuni jingine. Alimchukua beberu wake, mnyama mwenye ndevu na majivuno ambaye yeye alimwita Katibu, akamfunga shingoni simu iliyojaa chaji. "Katibu atazunguka Mtukuzi. Watajua pana mtu."

Kweli walijua. Ndani ya siku hiyohiyo Katibu alianza kupokea ujumbe. "MPENDWA MTEJA, tumeona unapenda kutembea kwenye majani mabichi. Karibu katika hoteli yetu ya kitalii." Alipovamia shamba la mahindi la mjane alitumiwa: "Tumeona unajali lishe bora." Alipolala kwenye kivuli mchana kutwa akaandikiwa kwamba tabia zake zinafanana na za wateja wetu wa daraja la juu, akaombwa ajiunge na klabu ya viongozi.

Mkurugenzi aliarifiwa kwamba Mtukuzi amebaki mkazi mmoja, bwana mwenye uwezo, asiyejibu simu.

"Mtu mmoja hawezi kukwamisha maendeleo ya taifa," aliamua. "Apewe fidia ya nyasi, kwa kuwa anazipenda. Pampu inaondoka."

*

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, Mkurugenzi alipanda hadi kibandani akiwa na kisanduku cha bati.

"Bibi Siwatu, jiji bila Meya halizinduliwi. Wizara imetafuta mtu anayeishi karibu na wakazi, anayewafahamu, wanaomwamini. Mkazi wa kudumu pekee anayesogea ni wewe." Akafungua kisanduku. Ndani mlikuwa na mkufu wa umeya, mpana, unaong'aa kama sufuria mpya. "Utajengewa kibanda cha matofali. Rafu za vioo. Feni. Siku hiyo utasoma neno la shukrani, limeshaandikwa, usihangaike."

Siwatu aliuvaa mkufu ili asimvunje moyo. Akajiona kwenye kioo cha simu moja. Nisiseme uongo, ulimpendeza. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtafuta ili amwongezee kitu, na rafu za vioo alizitamani tangu zamani. Alirudi nyumbani jioni amebeba kisanduku kwapani, akamwonyesha mama yake.

Bi Chausiku aliupapasa mkufu kiungo kwa kiungo. "Mzuri," alisema. "Nakuombea baraka, mwanangu. Nikuulize tu. Meya wa kule juu atachotewa maji na nani?"

"Nitakuletea, mama. Nitashuka nayo kila siku."

"Kutoka kwenye mwamba?"

Siwatu alifunga kisanduku. Nje, mtu alikuwa akisukuma pampu, ile sauti yake ya kukwaruza, na ndoo ikijaa.

*

Siku yenyewe kilima kilipambwa kwa bendera. Simu zote zilitolewa rafuni zikapangwa kwenye viti vya mbele vilivyoandikwa WAKAZI. Watu wa Mtukuzi, kwa kuwa hawakuwepo, walisimama nyuma kwenye jua. Bi Chausiku peke yake alibaki bondeni, kilima hakukiweza. Kule bondeni pia walikaa mafundi wawili na spana, kando ya pampu, wakisubiri. Maagizo yalikuwa kwamba Waziri akikata utepe, wapigiwe filimbi, wao wafungue nati.

Waziri alifika kwa msafara, akasalimia, akaketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Skrini kubwa ilikuwa imesimamishwa pembeni ikionyesha ramani. Mkurugenzi, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa mshereheshaji, alishika kipaza sauti, akaitazama skrini. Akaitazama tena.

Muda ulipita. Jua lilipanda. Waziri alijipangusa shingo.

"Njugumawe, tunasubiri nini?"

"Tunamsubiri mgeni rasmi, Mheshimiwa."

"Mgeni rasmi ni nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Mimi hapa."

"Ndiyo, Mheshimiwa, ninakuona." Mkurugenzi alikuwa amelowa jasho. "Lakini macho yangu si chombo rasmi. Kwa mujibu wa ramani, bado hujafika. Uko Bungeni, kwenye kiti chako. Hujasogea tangu asubuhi."

Watu wote walitazama skrini. Kweli, nukta ya Waziri, ambayo ilikuwa kubwa kuliko nyingine na ya rangi ya dhahabu, ilikuwa imetulia katikati ya makao makuu, ndani ya Bunge. Chini yake ukapita ujumbe uliotumwa muda huohuo kwa hisani ya Huduma: "MPENDWA MTEJA, je, miguu inakusumbua?"

Waziri aliinuka. "Ile ni simu! Nimeiacha kule mezani ili nihesabiwe nimehudhuria kikao! Wote tunaziacha! Simu si mtu, Njugumawe! Mtu ni mimi, niko hapa, nina kiu, na jua linaniunguza!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno yalisikika kilima chote, yakateremka bondeni, yakagonga upande wa pili, yakarudi: linaniunguza, unguza, unguza.

Watu wa Mtukuzi walipiga makofi. Mgeni alikuwa amesema.

Waziri alikaa taratibu. Alikuwa na sura ya mtu aliyekanyaga kitu na hataki kutazama chini. Mkurugenzi, aliyesomea mambo mengi lakini si hilo, akaona kimbilio pekee ni ratiba.

"Sasa," alisema haraka, "kabla ya utepe, namkaribisha Mheshimiwa Meya atoe neno la shukrani."

Siwatu alisimama akiwa na mkufu shingoni na karatasi mkononi. Alisogea kwenye kipaza sauti kama anayekaribia mbwa asiyemjua.

"Mheshimiwa Waziri," alisoma, "sisi wakazi wa Jiji la Kibandani..."

"Sauti, Meya!" mtu alipaza.

"Sisi wakazi wa Jiji la Kibandani, tuliosongamana kwa hiari yetu, tunakushukuru kwa kutufuata tulipo. Tunakushukuru kwa mafuta ya kuchua. Tunakushukuru kwa vitanda vya ghorofa. Tunakushukuru kwa..."

Aliinua macho. Kwenye viti vya mbele simu zilikuwa zimetulia, zinawakawaka taa zake. Nyuma ya viti hivyo, juani, walisimama wenye simu. Makungu alikuwa amemshika Katibu kwa pembe. Mbali chini paa la nyumba yao lilionekana dogo, na mbele yake vitu viwili vidogo zaidi, mafundi, wamekaa.

"Tunakushukuru kwa..." alirudia.

Filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwa askari. Mkasi ulikuwa tayari kwenye mto wa hariri.

"Endelea, Meya," alisema Mkurugenzi. "Umebakiza pampu tu."

"Mheshimiwa," alisema Siwatu, akaishusha karatasi. "Umesema una kiu."

Waziri aliitikia kwa kichwa kabla hajajizuia.

"Hapa hakuna maji ya kukupa. Yako kule chini."

Mnong'ono ulipita. Mzee Kiponza alimsogelea kwa nyuma, akamvuta ncha ya kanga. "Siwatu, binti yangu, ngoja kwanza. Ngoja gari liondoke, ndipo useme."

"Likiondoka, Mwenyekiti, pampu haipo," alisema Siwatu, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mbele yake, kila mtu alisikia.

"Unamaanisha nini, Meya?" aliuliza Waziri. Hakuuliza kwa ukali. Alionekana kama mtu ambaye kwa muda mrefu hajaulizwa wala kuuliza kitu chenye jibu.

Siwatu alivua mkufu. Ulinasa kwenye mtandio, ikabidi ahangaike nao, na baadhi ya watu wakacheka, naye akacheka kidogo kwa aibu. Akauweka juu ya kiti, katikati ya simu mbili.

"Namaanisha hatutaki, Mheshimiwa," alisema. Sauti ilimtoka ndogo kama kawaida yake, ila haikukatika. "Kama ile simu Bungeni si wewe, hizi nazo si sisi. Sisi ndio hawa waliosimama nyuma. Tunakaa Mtukuzi, hatujahama, wala hatuhami. Pampu isiguswe. Umeya sitaki. Nataka mama yangu achote maji mlangoni pake."